Simu ya Sarafu: Ifufuliwe au Ipambwe?

Simu ya sarafu ni miongoni mwa vyombo ambavyo watu wa karne ya 20 walivizoea mno hata wakasahau kuvitazama. Ilitundikwa katika vituo vya treni, hospitali, hoteli na pembe za barabara. Mtu asiyekuwa na simu nyumbani alitia sarafu yake, akazungusha namba, akazungumza. Nchini Marekani simu za namna hiyo zilipita milioni 2 mwaka 1999. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimebaki laki moja hivi. Tarehe 23 Mei 2022 jiji la New York liliondoa simu yake ya mwisho ya sarafu karibu na Times Square, nayo ikapelekwa makumbusho. Sababu ya kuondoka kwake inajulikana na kila mwanafunzi, nayo ni kuenea kwa simu ya mkononi.

Hata hivyo, simu hizo hazikwenda zote kuyeyushwa. Nchini Marekani wapo watu, wengi wao mafundi, wahandisi na vijana wapenda elektroniki, ambao hununua simu za sarafu katika minada na maghala, wakazisafisha, wakazitengeneza na kuzitundika majumbani mwao. Shughuli hii imegawa watu hao makundi mawili. Kundi la kwanza hutaka pambo: husugua kutu, hupaka rangi, hupiga kromiamu mpya, kisha hutoa mitambo ya ndani na kuitupa, au badala yake kutia saketi ndogo ya kisasa. Kundi la pili hutaka chombo chenyewe kifanye kazi kama kilivyofanya zamani: sarafu ianguke, kengele ilie, gurudumu la namba lihesabu, na mwisho wa mazungumzo sarafu iingie sandukuni au irudi kwa mwenyewe.

Yapo mambo mengi ambayo kila mtu aachiwe apendavyo, na rangi ya simu iliyotundikwa jikoni mwake ni mojawapo. Lakini kuhusu mitambo ya ndani, jambo si la hiari ya mwenye nyumba peke yake. Anayetupa mitambo ile anatupa maarifa ambayo hayarudishwi kwa urahisi. Hii ndiyo hoja ya makala haya, na inawahusu walimu na wanafunzi wa sayansi hata kama hawatamiliki kamwe simu ya namna hiyo.

Sarafu iliyozungumza

Mwaka 1889 William Gray wa Hartford, katika jimbo la Connecticut, alifanikisha simu iliyopokea sarafu. Kabla yake, aliyetaka kulipia simu mahali pa watu wote alimlipa mhudumu aliyekaa kando ya chombo. Swali alilokabiliana nalo Gray ni rahisi kulitaja na gumu kulitatua: mtu aliye mbali, asiyeona kitu, atajuaje kwamba fedha imelipwa, na imelipwa kiasi gani?

Jibu lilikuwa sauti. Katika simu yenye matundu matatu, ambayo kampuni ya Western Electric iliisambaza kwa miongo mingi ya karne ya 20, kila sarafu ilikuwa na tundu lake na njia yake. Sarafu ya senti 5 iligonga kengele mara moja. Sarafu ya senti 10 iligonga mara mbili. Sarafu ya senti 25 ilipiga waya mzito uliozungushwa mfano wa springi, nao ukatoa mlio mzito kama wa saa kubwa ya ukutani. Kipaza sauti kilipeleka milio hiyo kwenye waya, na opereta aliyekaa kituoni, pengine kilomita nyingi kutoka hapo, alihesabu kwa masikio. Hakuna hesabu iliyoandikwa, wala taa iliyowaka. Uzito wa sarafu uliipa mwendo, mwendo ukaigonga metali, metali ikatetemesha hewa, mtetemo ukageuzwa umeme, na umeme ukageuzwa tena sauti katika sikio la mtu.

Kuanzia miaka ya 1960 zilikuja simu zenye tundu moja tu la sarafu. Ndani yake kulikuwa na chombo cha kujumlisha, ambacho kilitoa milio ya umeme badala ya kengele: mlio mmoja kwa senti 5, milio miwili kwa senti 10, na milio mitano ya haraka kwa senti 25. Msomaji ataona kwamba kila mlio ulisimama badala ya senti 5. Vijana wajanja waligundua kwamba mlio huo waweza kuigizwa kwa kisanduku kidogo, na kampuni za simu zikaibiwa. Wizi ni wizi, wala hauna sifa. Lakini tukio hilo hufundisha kanuni ambayo wanafunzi wa leo wanaihitaji kuliko wale wa zamani: alama ya malipo isafiripo katika njia ileile inayopitisha sauti ya mteja, mteja aweza kuighushi.

Hata umbo la sarafu lenyewe lilifungwa na mashine. Mwaka 1965 Marekani ilipoamua kuondoa madini ya fedha katika sarafu za senti 10 na senti 25, metali mpya za shaba na nikeli zilichaguliwa kwa namna ambayo mashine za sarafu zilizokuwa zimeenea nchini zingezikubali. Baadhi ya mashine hizo hupitisha sarafu mbele ya sumaku. Sarafu inapopita, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani ya metali na kuipunguzia mwendo, na kiasi cha kupunguzwa hutegemea jinsi metali ile inavyopitisha umeme. Kwa hiyo kipande bandia huanguka mahali pasipo pake. Somo la sumaku na mwendo, ambalo wanafunzi hulisoma kwa michoro, lilikuwa likifanyika kila siku mbele ya watu waliokuwa wakinunua soda.

Nusu ya mtambo

Mtu anayefungua simu ya zamani kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba haina ubongo. Ina gurudumu la namba lenye matundu kumi ya kidole. Linapozungushwa na kuachiwa, hurudi lenyewe kwa springi, na wakati linarudi hukata mkondo wa umeme na kuuunganisha tena, mara 10 hivi kwa sekunde. Namba 3 hukata mkondo mara tatu, na sifuri huukata mara kumi. Kichombo kidogo kinachozunguka na kutanuka kwa kasi huzuia gurudumu lisirudi kwa pupa. Kipaza sauti kina chembechembe za kaboni. Sauti inapozigandamiza, ukinzani wao hupungua na mkondo huongezeka. Sauti inapolegea, mkondo hupungua. Kengele huita kwa umeme wa volti 90 hivi unaogeuka mara 20 kwa sekunde. Umeme wote huo, pamoja na volti 48 za kuzungumzia, hutoka kituoni. Ndiyo maana simu ya zamani iliweza kufanya kazi hata taa za mji zilipozimika.

Chini ya njia ya sarafu kuna sehemu iliyo na werevu kuliko zote. Sarafu zilizotiwa hukaa katika kijisanduku zikisubiri hukumu. Swichi ya sumaku-umeme, iitwayo rilei, hungoja amri. Kituo kikipeleka umeme wa volti 130 hivi upande mmoja, mlango hufunguka kuelekea sanduku la fedha. Umeme huohuo ukigeuzwa upande wa pili, sarafu huanguka katika kikombe cha kurudishia. Kwa hiyo aliyempigia mtu asiyepokea alirudishiwa fedha yake bila kumwomba mtu yeyote.

Hapa ndipo hoja inapopata uzito. Simu ya sarafu ni nusu ya mtambo, na nusu nyingine ilikuwa katika jengo la kampuni ya simu. Ikiletwa nyumbani, rilei yake haina wa kuiamuru. Gurudumu lake litahesabu, lakini vifaa vingi vya leo havielewi hesabu ya kukatwa kwa mkondo. Mkusanyaji anayetaka isikike tena hulazimika kutengeneza nusu iliyopotea.

Na wapo wanaofanya hivyo. Hununua kisanduku kinachounganisha simu ya waya na intaneti. Kisanduku kisipojua kuhesabu mapigo ya gurudumu, hutia kati kifaa cha kuyatafsiri. Wengine hutumia programu ya bure iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, ambayo huifanya kompyuta ya kawaida iwe kituo kizima cha simu. Kisha hutengeneza saketi ya kutoa volti za kuamuru rilei na programu ya kusikiliza milio ya sarafu. Wapo hata waliounganisha vituo vyao vya nyumbani katika mtandao wa wakusanyaji uitwao C*NET, ili mtu aweze kumpigia mwenzake aliye nchi nyingine kwa vyombo ambavyo kampuni zilikwisha kuvitupa. Afanyaye hayo amesoma umeme, sumaku, sauti, hesabu na programu kwa pamoja, wala hakuna mtihani uliomshurutisha.

Aliyetoa mitambo ya ndani na kutia saketi ya kisasa pia amefanya kazi yenye faida kwake, maana simu yake huenda ikaita vizuri zaidi. Lakini hakulazimika kuuliza swali lolote ambalo Gray aliliuliza. Amebakiza ganda. Na kwa kuwa vipuri vya simu hizo havitengenezwi tena kwa wingi, kila mtambo unaotupwa ni kipuri ambacho mwingine atakikosa. Mafundi wa kampuni za simu waliozijua kwa mikono yao wamezeeka. Vitabu vya maelekezo vya kampuni hizo vimehifadhiwa kwa sehemu kubwa na wakusanyaji wenyewe, ambao wamevipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kitabu bila chombo hueleza, lakini hakithibitishi. Chombo bila kitabu huonyesha, lakini hakielezi. Vyote viwili vinahitajika.

Hoja za wanaopinga

Shughuli hii ina wapinzani, na hoja zao zastahili kujibiwa kwa haki.

Wapo wasemao kwamba ni mchezo wa watu wenye fedha na nafasi, wanaolilia ujana wao. Kwa baadhi yao ni kweli. Lakini thamani ya maarifa haipimwi kwa sababu iliyomfanya mtu ayatafute. Wengi walioanza kwa kutamani kusikia kengele ya zamani wameishia kuelewa kwa nini kengele ile ililia.

Wengine husema kwamba chombo kilichoshindwa na wakati hakina la kumfundisha mtu wa leo. Hoja hii yafaa kupingwa kwa nguvu zaidi, maana ndiyo inayoingia madarasani. Simu ya mkononi ni chombo bora mara nyingi zaidi, na hakuna mwenye akili atakayetaka kurudi kwenye foleni ya kibanda. Lakini simu ya mkononi imefungwa. Mwanafunzi akiifungua ataona vibati vyeusi ambavyo havionyeshi kitu kwa jicho. Simu ya sarafu ikifunguliwa, kila hatua ya kazi yake huonekana, husikika au hupimwa. Kwa mtaalamu anayebuni, chombo kipya ndicho bora. Kwa mwanafunzi anayeanza, chombo kinachoonekana ndicho bora. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumeziponza maabara nyingi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Simu ya sarafu ilikuwa chombo cha umma. Ilimhudumia msafiri, mgonjwa na maskini. Katika Marekani ilifanyiwa mabadiliko makusudi ili mtu aweze kupiga simu ya dharura bila kutia sarafu. Je, si kejeli kwamba chombo kama hicho sasa kimefungwa jikoni mwa mtu mmoja? Ni kejeli kweli, na mkusanyaji mwenye busara hutambua hivyo. Lakini wapo waliotoa jibu kwa vitendo. Mjini Portland, katika jimbo la Oregon, kundi liitwalo Futel limezirudisha simu za zamani barabarani, likiziunganisha kwa intaneti na kuwaruhusu wapita njia kupiga bila malipo. Mjini Philadelphia kundi la PhilTel limefuata njia kama hiyo. Watu hao walitumia ufundi uleule wa simu za majumbani kuwahudumia wasio na simu, kwani hata katika nchi tajiri wapo watu ambao simu yao imeibiwa, imezimika au haijalipiwa. Ufufuaji wa nyumbani, basi, unaweza kuwa shule ya huduma ya umma. Upambaji hauwezi, maana ganda halimpigii mtu simu.

Somo kwa shule

Katika miji ya Afrika Mashariki pia simu za vibanda zilipungua na kutoweka baada ya simu za mkononi kuenea. Si lazima shule itafute simu nzima ya sarafu, ambayo ni nzito na adimu. Simu ya mezani yenye gurudumu la namba ina sehemu kubwa ya sayansi ileile, na bado yaweza kupatikana katika stoo ya ofisi ya zamani au kwa muuza vyuma chakavu. Mara nyingi huuzwa kwa sababu ya shaba iliyomo, na shaba hiyo ni kidogo sana ikilinganishwa na somo linalopotea pamoja nayo.

Mwalimu aliyeipata simu ya namna hiyo anaweza kuanza na mambo matatu. La kwanza, aunganishe swichi ya gurudumu na betri ndogo, kizuizi na taa ya LED. Gurudumu likirudi, taa itazimika mara kadhaa kulingana na namba iliyozungushwa. Wanafunzi wakilizuia kwa kidole lirudi polepole, watahesabu kila pigo kwa macho, na watakuwa wameona kwa nini namba yenye sifuri nyingi ilichukua muda mrefu kupigwa. La pili, wapime ukinzani wa kipaza sauti cha kaboni mtu anaposema mbele yake, na tena baada ya kukitikisa. Wataona kwamba chembe zikishikana kipaza sauti huwa kizito, na kwamba fundi wa zamani aliyekigonga kwa kiganja hakuwa akifanya uchawi. La tatu, wadondoshe sarafu za shilingi za uzito mbalimbali juu ya kengele moja kutoka kimo kimoja, wafumbe macho, na wajaribu kuzitambua kwa sauti. Hapo wataelewa kazi ya opereta, na pia udhaifu wake.

Tahadhari ni lazima. Simu isiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani, wala na waya wa kampuni ya simu bila idhini. Volti za kuitia kengele na za kuamuru rilei ya sarafu zaweza kumdhuru mtu. Majaribio yote yaliyotajwa hapa yanahitaji betri ndogo tu. Pia mwalimu ahakikishe kwamba chombo kimepatikana kwa njia halali. Simu za sarafu zilijengwa kwa kufuli mbili tofauti, moja ya fundi na nyingine ya mkusanya fedha, ili asiwepo mtu mmoja wa kuaminiwa kila kitu. Mwanafunzi anayejifunza kuifungua na ajue kwanza ni ya nani.

Jambo la mwisho ni kuandika. Wakusanyaji walio hodari hufunga lebo kwenye kila waya kabla ya kuutoa, huchora njia yake, na huweka skrubu za kila sehemu katika kikopo chake. Wanafunzi wakizoezwa hivyo, simu moja yaweza kufunguliwa na kufungwa na madarasa mengi, mwaka hadi mwaka, kila darasa likisahihisha mchoro wa waliotangulia. Shule iliyo na simu moja ya zamani stoo na iitoe muhula huu, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika.